Udongo Nilioukaanga

Nikisikia harufu ya udongo unaopata moto, moyo wangu hadi leo hufanya paa! Wajukuu hunicheka. Husema, bibi, hao ni watu wanachoma tofali zao, wewe unashtuka nini? Nawajibu, chekeni tu. Ninyi hamjawahi kuua miche ya kilima kizima huku mnatafuna kiazi kitamu.

Basi ninyi vijana mlioingia kazi ya vitalu, mnaojaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya miche, huku simu inaimba mfukoni, nisikilizeni kidogo. Jina langu Yustina. Niliingia kitalu cha miti hapa Kigoma miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa, nikiwa msichana ninayejua kulima mihogo tu, nikatoka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Kitalu chetu kilikuwa upande wa Katubuka, kando ya kijito. Vivuli vya matuta tuliviezeka kwa makuti ya mchikichi. Tulikuwa wanawake sita na fundi mmoja.

Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Sefu wa Ujiji. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye akazaliwa Ujiji, akaoa Ujiji, na kofia yake ya mkono ilikuwa haitoki kichwani hata jua liwake vipi. Mkali huyo! Siku yangu ya kwanza nilishika mche kwa shina nikauinua. Akanijia mbio.

"Wewe binti, ungependa nikubebe kwa shingo?"

"Hapana, Mzee."

"Basi na yeye hapendi. Mshike jani. Jani likikatika litaota lingine. Shingo ikivunjika utamwotesha shingo wewe?"

Nilishtuka nusura nilie. Hilo lishikeni nanyi: mche mchanga hubebwa kwa jani.

Sasa mtaniuliza, msonobari wa milima ya Himalaya ulifikaje Kigoma? Hata mimi niliuliza. Tulikuwa tumezoea kuotesha mivule, misaji na mikaratusi. Siku moja Bwana Miti, yaani afisa misitu wetu, kijana aliyetoka chuoni na soksi ndefu hadi magotini, akaja na picha ya mlima mweupe pee. Akasema mti huo unatoka huko, tena hauvui majani yote mwaka mzima, daima kijani. Nikatazama ule weupe, nikatazama ziwa linavyometa kwa joto, nikauliza.

"Bwana Miti, barafu ya kuupandia tutaitoa wapi?"

Alicheka hadi akafuta machozi. Akanieleza kwamba huu ni wa miguuni mwa milima hiyo, kwenye joto na ukame, ardhi ya mawe kama kilima chetu. Na kilima chenyewe kilikuwa na habari. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao, wakapangwa kwenye mstari chini ya kilima kile, mama yangu mzazi akiwa mmoja wao. Kaya zote hizo zinakata kuni mahali pamoja! Kabla mwaka haujaisha kilima kilikuwa kipara, mvua ikija inashusha matope hadi milangoni. Kijiji kilikuwa kinaisubiri hiyo misonobari kwa hamu, na viongozi walikwisha kuitolea ahadi kwenye mikutano.

Mbegu zikaja. Mbegu ya msonobari ina bawa dogo kama la kumbikumbi. Unalikwangua, unailoweka jioni, asubuhi ile inayoelea unaitupa, iliyozama unaisia kwenye mchanga na kuifunika kidogo tu, kiasi cha unene wake. Ikiota, inatoka imevaa ganda lake kichwani, kofia kabisa! Na ndege wanaijua hiyo kofia. Asubuhi moja tulikuta tuta zima limenyofolewa vichwa, miche imebaki vijiti. Tulipiga kelele kama kuna msiba. Toka siku hiyo tulitandaza nyavu kuukuu za dagaa juu ya matuta mpaka kofia zote zianguke.

Nisisahau habari ya udongo, maana ndiyo habari yenyewe.

Miche michanga ina ugonjwa. Leo iko wima, kesho imelala yote, imeoza shingoni. Dawa ya Mzee Sefu ilikuwa kuukaanga udongo kabla ya kuutumia. Tulipasua pipa la mafuta katikati, tukaliinjika juu ya mawe, tukatia udongo, tukanyunyiza maji, tukachochea kuni na kugeuza kwa koleo. Utajuaje umeiva? Unafukia kiazi kitamu katikati. Kiazi kikiiva, na udongo umeiva, maradhi yote yamekufa. Kisha kiazi unakila, ndiyo posho yako! Nami nilikuwa hodari wa kazi hiyo kupita wote. Mzee Sefu alikuwa akiwaambia wageni, "Udongo wa Yustina hata mtoto mchanga unaweza kumlaza juu yake." Nilikuwa navimba kichwa.

Wiki ile mbegu zinaanza kuota, Mzee Sefu alifiwa na shemeji yake huko kijiji cha Mwamgongo, akapanda boti kwenda kuzika. Nyuma yake gari moshi likaleta gunia kutoka mashamba ya miti ya mbali. Limefungwa vizuri, limelowanishwa, na barua imeandikwa jina lake. Barua ya mtu mzima haifunguliwi na mtoto, hiyo adabu tulilelewa nayo. Nikaiweka kwenye sanduku la zana. Gunia je? Nikalifungua, nikakuta udongo! Udongo mweusi umechanganyika na majani makavu kama sindano, unanuka uyoga, na ndani yake utando mweupe mweupe kama ukungu wa mkate uliolala.

Nilishtuka. Nikawaambia wenzangu, jamani, watu wa huko wametutumia uchafu umeoza! Nikaona nimfanyie Mzee wangu jambo jema. Akirudi na huzuni zake akute kazi imekwisha. Nikawasha moto, nikaukaanga udongo ule wote, sufuria baada ya sufuria kama tunavyosema jikoni, nikafukia viazi, vikaiva. Nikaukaanga kwa muda zaidi ya siku zote, kwa kuwa ulikuwa mchafu zaidi. Kisha nikauchanganya na udongo wetu, tukajaza viriba.

Na viazi vya siku ile, Mungu anisamehe, vilikuwa vitamu.

Mzee aliporudi alisoma barua yake, akaniuliza, "Udongo wa kwenye gunia uko wapi?"

"Nimekwisha kuuchanganya, Mzee. Sehemu moja kwa sehemu tano, kipimo chetu."

"Hewala! Hivyo hivyo barua inasema."

Hakuniuliza kama niliukaanga, nami sikumwambia. Kukaanga ilikuwa kazi ya kila siku, nani anatangaza kwamba amefagia?

Tukahamishia miche kwenye viriba. Mwezi wa kwanza ilipendeza. Wa pili ikasimama, haiendi mbele wala nyuma. Wa tatu ikaanza kubadilika rangi, manjano, halafu zambarau kwenye ncha, halafu ikawa inakufa tuta kwa tuta! Sijawahi kuona. Tulitia samadi, ikazidi. Tulipunguza maji, tukaongeza maji, tukaondoa kivuli, tukarudisha. Mzee Sefu alikuwa akija alfajiri anachuchumaa kati ya matuta kama aliyefiwa mara ya pili. Wanakijiji wakishuka sokoni wanapitia kutazama miti yao. Mama yangu alikuja, akashika kiuno.

"Yoo! Yustina, hii ndiyo miti itakayotuzuilia matope?"

Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa karibu na Mzee. Akang'oa mche, akautazama mzizi, akatikisa kichwa.

"Hili silielewi, mwanangu. Mti huu una mlezi wake, uyoga mdogo unaoishi udongoni na kuulisha mizizi. Kwetu haupo. Ndiyo sababu wakatutumia gunia lile kutoka chini ya misonobari mizee. Ule utando mweupe ndio mlezi mwenyewe. Ni kitu hai, barua ilisema hata juani usianikwe. Na sisi tumeuweka. Sasa kwa nini miti inakufa njaa?"

Vijana! Niliona lile pipa, ule moshi, vile viazi. Hata juani usianikwe, na mimi niliupika! Nilifungua mdomo niseme. Wakati huohuo gari likaingia, Bwana Miti akashuka na mwenyekiti wa kamati ya kupanda miti, na watu wengine wawili. Mwenyekiti hakusalimia. Alipita kati ya matuta, akapiga viriba kwa fimbo, akasema neno ambalo siku zile likitamkwa hata mbwa wanakaa kimya.

"Hii ni hujuma."

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Alisema mengi. Kwamba wananchi wamehama kwa moyo mmoja, kuna mtu hataki wafanikiwe. Kwamba mtu ambaye asili yake ng'ambo, na moyo wake uko ng'ambo. Mzee Sefu akavua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa wazi, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi nimezaliwa Ujiji. Baba yangu kazikwa Ujiji." Wakamwambia aende nyumbani akakae mpaka kamati ikutane. Akanikabidhi ufunguo wa sanduku la zana. Mimi! Nikaupokea kwa mikono miwili.

Nilinyamaza siku kumi na mbili. Nazijua kwa kuwa nilizihesabu moja moja. Nilijiambia, nikisema nitafungwa, na mama anategemea mshahara huu. Nilijiambia labda watamsamehe, ni mtu mzima. Nilijiambia kesho. Wenzangu nao walikuwa wamekula viazi vile, lakini hawakuwa wamesikia habari za mlezi. Niliyejua ni mimi peke yangu.

Siku ya tisa nilikwenda Ujiji kumjulia hali. Mtaa aliokuwa akisalimiwa kila mlango, sasa watu wanatazama pembeni. Mke wake, Bi Tausi, alinipokea kama binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kutoka kazini kwake. Wengine wanaogopa."

Akanipakulia ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese. Mzee akaketi mbele yangu. Mnadhani alisema nini? Aliuliza, "Makuti ya tuta la mwisho mmepunguza? Jua la sasa linafaa." Nikamjibu tumepunguza. Akauliza habari za mama yangu. Nikala samaki wote, nikanawa, nikaaga, nikaondoka. Njia nzima hadi Katubuka nilikuwa najishangaa. Nilijiuliza, Yustina, ni wewe huyu?

Kamati ikakutana chini ya bati la ghala, watu wamejaa. Mzee Sefu alisimamishwa katikati. Mwenyekiti akauliza gunia lilipokewa na nani, lilifunguliwa na nani. Mzee akasema, "Kitalu ni changu. Lililofanyika kitaluni nimelifanya mimi." Nikasikia hayo, miguu ikasimama kabla kichwa hakijaamua.

"Ndugu Mwenyekiti, gunia nililipokea mimi. Udongo niliukaanga. Mzee alikuwa msibani, hajui."

Wakacheka! Sikutegemea kicheko. Nilikuwa nimejiandaa kwa pingu. Mwenyekiti akasema, "Kaa chini, binti. Tunajua unampenda mzee wako, lakini mambo ya hujuma si ya wasichana wa kumwagilia maji." Siku kumi na mbili nimeubeba ukweli kama mzigo wa kuni, nimeutua, hakuna anayeutaka! Ndiyo mjue, ukweli uliochelewa unafanana sana na uongo.

Aliyeniokoa ni Bwana Miti na soksi zake. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Uliukaanga mpaka ukawaje?"

"Mpaka kiazi kikaiva ndani yake, bwana. Kisha nikaongeza kuni."

"Kiazi?"

"Kitamu. Tulikila."

Wenzangu watano wakainamisha vichwa, mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, tulikila." Bwana Miti akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Akawaeleza wakubwa habari ya uyoga. Mwenyekiti hakuridhika, akasema hayo ni maneno tu. Basi ikaamuliwa: ipatikane mbegu ya uyoga huo, lijaribiwe tuta moja. Likipona, kosa ni la moto. Lisipopona, Mzee Sefu atajibu mbele ya wakubwa zaidi. Mpaka hapo asikanyage kitaluni.

Kungojea gunia jingine kwa gari moshi ni miezi, na miche ilikuwa imebakiza wiki chache tu. Lakini kwenye misheni moja ya zamani upande wa kaskazini, kando ya ziwa, kulikuwa na misonobari mitatu mizee, imepandwa na mapadri ambao hata mama yangu hakuwakumbuka. Nilikwenda mwenyewe kwa mtumbwi wa wavuvi. Niliondoa majani ya juu, nikachimba kiganja kimoja tu kwenda chini, na pale pale nikauona ule utando mweupe. Nikapiga magoti. Niliujaza kwenye beseni mbili, nikazifunika kwa majani ya mgomba na gunia bichi, na ndani ya mtumbwi nilizitilia kivuli kwa mwili wangu, mvuvi akadhani nimebeba samaki wa haramu.

Tulitia konzi ndogo kwenye kila kiriba, tukachomeka kwa kijiti karibu na mzizi, tukamwagilia polepole. Tukangoja. Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili miche mingine ikafa. Ya tano, siku moja asubuhi, nikaona katikati ya mche mmoja uliokuwa wa manjano kuna sindano mpya. Kijani! Nilipiga yowe, wenzangu wakadhani nyoka. Wiki mbili mbele tuta zima lilikuwa limegeuka, na matuta ya jirani bado manjano. Mwenyekiti alikuja, akatazama tuta hili, akatazama lile. Akasema, "Sasa nimeona." Hakuomba radhi, lakini alimtuma mtu Ujiji kumwita mzee.

Tulirudi misheni na beseni zetu kwa mtumbwi mara nne. Miche iliyosalia ikapona, mvua zikakuta iko tayari, na wanakijiji wakaipanda. Wengine waliipanda pamoja na viriba vyake, wakisema hatuwezi kuuvua mti nguo mbele za watu! Tukapita kilima kizima tukiifukua. Hiyo misonobari ndiyo mnayoiona pale juu leo.

Lakini nimeruka siku aliyorudi Mzee Sefu. Nimeiruka makusudi, naona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, basi acha niseme.

Alikuja asubuhi, kofia kichwani. Wanawake walimpigia vigelegele. Akaenda moja kwa moja kwenye lile tuta, akang'oa mche mmoja, akauosha mzizi ndani ya ndoo, akanionyesha. Mizizi midogo ilikuwa imegawanyika vidole viwili viwili, imevaa weupe.

"Huyu ndiye mlezi," akasema. "Mwangalie vizuri."

Nikaangalia. Nikaanza kuomba msamaha kwa kuukaanga udongo, maneno yanagongana. Akaniinulia mkono.

"Kukaanga nilikufundisha mimi. Kosa hilo ni langu kabla halijawa lako, na nitalicheka mpaka nife." Kweli alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akanitazama usoni. "Lakini ulikuja nyumbani kwangu. Ulikula samaki wa mke wangu, nikakuuliza habari za makuti ukanijibu, na moyoni ulikuwa unajua. Hilo la kunyamaza, mwanangu, ulifundishwa na nani?"

Nilitafuta jibu. Sikulipata siku ile, sikulipata miaka yote tuliyofanya kazi pamoja baadaye, na hakuniuliza tena. Tulimzika Ujiji nami nikiwa sijamjibu.

Alirudisha mche kwenye kiriba chake, akakandamiza udongo kwa vidole, akaniomba ufunguo wa sanduku.